Askari Aliyejibu "Hapana, Afande"

Nalufenya, Jinja

Mjukuu wangu Nambozo,

Hujambo huko Mbale? Sisi wazima, na kuku wako ametotoa vifaranga tisa! Na wewe umeanza kazi chumba cha upasuaji! Barua yako nimeisoma mara tatu. Unauliza kama niliwahi kuona moyo ukitaka kusimama kwa dawa ya usingizi.

Niliona, hapo hapo Mbale, miaka ya tisini, nikiwa nesi. Askari mmoja wa gereza la Malukhu alikuja kupasuliwa ngiri. Daktari akamuuliza kwa Kiswahili, lugha ya amri kazini kwao, kama anameza dawa yoyote. Akakaza mikono ubavuni, amelala vile vile: "Hapana, afande!" Tukaandika hapana.

Dawa ilipomwingia, mapigo yakapungua, yakapungua, mpaka kidole changu kikayakosa. Daktari akamchoma sindano. Tukangoja. Mara mshipa ukagonga! Nambozo, nilipiga kelele kama mtu aliyefunga bao.

Alipopata nafuu, niliketi kitandani pake nikamuuliza tena, safari hii kwa Lumasaba, lugha ya nyumbani kwao. Akaninong'oneza kwamba kila asubuhi humeza vidonge vya presha kwa siri, asije akaachishwa kazi. Vidonge hivyo na dawa yetu vilikuwa vimeulemea moyo.

Tangu hapo sikumuuliza mgonjwa yeyote nikiwa nimesimama.

Jumatatu napasuliwa goti. Daktari, kijana mwenye haraka, aliniuliza mlangoni kama nameza dawa. Nikasema hapana, na vidonge vyangu vya presha vimo mkobani! Nilifika getini, nikageuka, nikarudi, nikamwomba aketi.

Bibi yako