Ndagala mu Siagi

Siku ya tano, magaribi

Na makaa ilikuwa bado na moto alipoimwaga kwenye uwanja, mtoto wangu huyu mjinga.

Leo nilipika spageti. Redio ilisema tutie kamba wa baharini, siagi na kitunguu saumu. Kamba iko wapi hapa Uvira? Nikatia ndagala mbichi, visamaki vya ziwa, za mtaa wa Kimanga. Dakika kumi tu, nyumba ikanukia. Tangu mke wangu afe, kitu kilichonuka humu ni mimi peke yangu.

Bahati, mtoto wangu wa kwanza, akaingia.

"Papa, majirani wanakuona mbele ya mbabula, unachochea makaa. Baba akijipikia, watu wanasema watoto wamemtupa."

"Hawasemi uongo. Weye ulileta chakula lini?"

Akakaa, akakula sahani mbili, akaramba kijiko. Kisha akamwaga makaa inje, akabeba mbabula yangu.

"Mke wangu atakuletea chakula, Papa. Kila siku."

Maneno hayo aliyasema pia siku ya matanga, miezi tano sasa.

Giza imeingia na hakuna mtu aliyebisha hodi na chakula. Spageti aliyoniachia iko baridi mu sufuria, na mbabula ya kuipashia iko kwa Bahati, inalinda heshima yake.