Betri Isiyojaa

Nyumba ya Geti la Kijani,
Nyuma ya Kiwanda cha Mikate,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Hujambo? Na mgongo je? Ulisema umepona, lakini sauti yako kwenye simu haikuniridhisha, kwa hiyo nauliza tena. Sisi tu wazima. Mama naye mzima, presha imetulia, au ndivyo anavyotuambia.

Sasa habari ya baiskeli ya umeme uliyonitumia. Usinune, lakini nilianza kukushuku wewe. Kila nikitoka kusambaza mikate naweka betri kwenye chaji jikoni, najilaza. Nikiamka jioni naikuta taa ya chaja ingali nyekundu, rangi ya kijani siioni. Asubuhi inaniishia katikati ya kilima cha hospitali, nasukuma baiskeli na kreti zake, jasho linanitoka. Nikasema, kaka yangu kauziwa betri iliyochoka.

Mwokaji naye kaniambia wazi: wateja wa ng'ambo ya kilima wakicheleweshewa mikate tena, njia ile atampa mwingine. Na njia ile ndiyo riziki yangu.

Nikaanza uchunguzi. Nikafuta vyuma vya betri kwa kitambaa kikavu. Nikaisukuma betri mahali pake hadi kufuli lake likalia. Nikajaza upepo, maana gurudumu legelege nalo hula chaji. Wapi. Nikaipeleka kwa fundi baiskeli pamoja na chaja, nikakaa hapo hapo, kwani simwachii mtu vitu vyangu. Ikajaa, taa ikageuka kijani mbele ya macho yangu. Basi betri nzima, chaja nzima. Mbaya wangu yumo nyumbani.

Nikamtazama mpangaji wetu kinyozi, tunayemwita Wembe. Mashine zake za kunyolea huzichaji jikoni humo humo, na ni mtu wa kutabasamu bila sababu. Nikaacha kumsalimia. Nikamwambia Mama amtoe. Mama akaendelea kuchambua maharage kama hakusikia.

Jana nikabandika selotepu juu ya swichi, nikajilaza, mlango nimeuacha wazi kidogo, nikakoroma kwa makusudi. Akaja mtu ananyata, ndala mkononi. Akabandua selotepu taratibu, akazima swichi, akaibandika tena na kuilainisha kwa kidole. Alikuwa Mama. Kumbe nikikohoa tu, huiwasha upesi kabla sijatoka.

Nilikasirika, Kaka. Nikamuuliza anaogopa moto au bili. Akasema, "Moto siogopi. Hiyo ikijaa itakufikisha mbali. Kaka yako naye aliniambia haendi mbali."

Hasira zikaniisha pale pale. Tumekubaliana betri ichajiwe chumbani kwake, swichi awashe mwenyewe, nami nikirudi nipite kwake kwanza kabla ya kuvua viatu. Leo imejaa. Yeye kakaa mbele yake, anaitazama kwa jicho baya.

Shangazi anakusalimu, na mwokaji pia. Wembe anakusalimu sana. Mimi bado hajaniitikia, na ana haki. Mungu akulinde huko uliko, na mgongo huo aunyooshe.

Mama nimemwomba salamu zako, akakataa. Amesema za kwake hazitumwi, uje uzichukue mwenyewe.

Wako akupendaye,
Mdogo wako wa mikate.