Vitabu Viwili vya Warren

Maktaba ya Mji wa Prosek,
Nebraska.
Tarehe 9 Februari.

Kaka yangu mpendwa Duane,

Pokea salamu zangu, pamoja na za wote hapa Prosek ambao bado wanakuulizia. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Oregon, na kwamba kile kifua kimeacha kukusumbua. Mimi sijambo. Magoti hulalamika nikipanda ngazi kufikia rafu za juu, lakini funguo za maktaba bado ninazo.

Najua hupendi habari za Warren Tolliver. Tangu alipokuwa rais, na hata sasa amestaafu, kila nikimtaja kwenye simu unaniuliza mahindi yamefikia wapi. Ndiyo maana leo nimeamua kukuandikia. Nivumilie mpaka mwisho.

Kikundi chetu cha kusoma kiliamua kulinganisha vitabu viwili vya maisha yake. Kimoja ni kinene, kimeandikwa na mtu anayempenda kupita kiasi. Cha pili ni cha mtu asiyempa nafasi hata ya kupumua. Tulikaa wanane mezani, kahawa na kolachi, vile vimkate vyetu vitamu vya plamu, katikati, na mambo yakaenda vizuri kwa wiki tatu, hadi tukafika kwenye basi.

Unajua ni basi gani. Kitabu kinene kinasema kwamba siku ya ile tufani ya theluji, basi la shule lilipotumbukia mtaroni na dereva, mzee Kucera, akavunjika mguu, Warren, kijana wa miaka kumi na sita, alitoka peke yake. Akafuata uzio wa seng'enge kwa kupapasa mpaka shambani kwa Novak, akarudi na trekta. Kitabu cha pili kinasema hakutoka mtu yeyote. Novak aliliona basi mwenyewe, na Warren alijitungia ushujaa ili apate kura. Shahidi anayetajwa ni "mwanamke mmoja aliyekuwamo ndani ya basi."

Gus Pavlik alikifunga kitabu hicho kwa kishindo. "Huyo mwanamke mwongo. Aje aniambie hapa, usoni."

Jirani yake akamwambia, "Gus, wewe ulimpigia kura mara mbili. Utasema nini kingine?"

"Na wewe hukumpigia hata moja, ndiyo maana umekimeza hicho kitabu bila kutafuna."

Niliwaomba tusome mstari kwa mstari, tuone waandishi wamepata wapi maneno yao. Kumbe wote wawili walitumia hotuba ile ile ya Warren. Yule wa kwanza ameisimulia kwa maneno yake, akaandika "alitoka." Yule wa pili ameinukuu ili aicheke: "Tulitoka, tukashika waya, tukaenda." Anasema Warren alijiita "sisi" kama mfalme.

Gus akavua miwani. "Hebu ngoja kwanza. Tulitoka. Yeye na nani?"

Bernadine Kucera, binti wa yule dereva, alikuwa hajasema neno tangu tuanze vitabu hivi. Akaweka kikombe chini. "Yeye na Duane Hruska," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mayai.

Kaka, ni jina lako hilo. Alitueleza aliyoambiwa na baba yake wiki ya mwisho ya uhai wake. Mlitoka wawili. Nusu ya njia Warren akaanguka, ukambeba mgongoni, huku mkono mmoja ukishika seng'enge ile yenye miiba. Mliporudi na Novak, uliwaapisha wote watatu wasikutaje, kwa sababu mama alikuwa amemzika baba majira ya baridi yaliyotangulia, naye alikuwa amekuapisha usiniache hata dakika moja. Mzee Kucera alinyamaza hadi wiki ile ya mwisho. Novak alinyamaza. Na Warren, mbele ya umati wa watu, mbele ya kamera, alipoweza kusema "nilitoka" na asipatikane wa kumbishia, kila mara alisema "tulitoka."

Sasa nifike kwenye jambo linalonihusu mimi. Yule mwanamke wa ndani ya basi ni mimi. Mwandishi alikuja hapa maktabani miaka minne iliyopita, nikamwambia kwa moyo mweupe kwamba hakutoka mtu. Sikusema uongo, Duane. Nilikuwa na miaka minane. Ulinifunika kichwa kwa koti lako, ukaniambia nisifumbue macho mpaka uniambie, na muda wote sikusikia mlango ukifunguliwa, nilihisi tu bega lako likiegemea langu. Ningeapa mahakamani. Bernadine aliposikia hayo alinitazama kwa huruma. "Marlene, lile bega lilikuwa langu. Baba alinihamisha nikae mahali pa Duane, asiniambie amekwenda wapi."

Kwa hiyo ulitoka kwenye theluji ile bila koti. Nimelisema hili peke yangu mara nyingi wiki hii, nikiwa napanga vitabu. Vile vidole viwili vilivyoganda kwa baridi hadi ukakatwa, nawe ukamwambia mama kwamba ni ajali ya jeki, nimeona pengo lake miaka hamsini bila kujua ninatazama nini.

Nimemwandikia yule mwandishi kwamba ushahidi wangu ni batili, na kwamba walitoka vijana wawili. Amejibu upesi, anataka jina la kijana wa pili. Sijampa. Wote wanane wamenyamaza, hata Gus, ambaye hajawahi kutunza siri zaidi ya saa moja. Jina ni lako, ulitoe au ulifiche. Ila nikwambie hili: mama hayupo tena, Duane. Hakuna aliyebaki wa kukugombeza, na mimi sikuhisi hata mara moja kwamba uliniacha.

Msalimie sana Arlene na watoto. Bernadine anakusalimu, naye Gus anasema ukija atakufungulia mlango wa gari mwenyewe. Kaa salama, na ujikinge na baridi.

Wako akupendaye,
dada yako,
Marlene