Wosia wa Stoyanka na mwandiko wangu

Rangel, upo? Nimetoka kwa yule mama wakili wa mjini Troyan sasa hivi.

Wosia wa mke wangu Stoyanka wameukataa. Wameukataa!

Unajua alivyokuwa baada ya kupooza, hata kijiko hakishiki. Akawa anataja maneno, naandika mimi, kwamba nyumba ya baba yake ananiachia yote. Mwisho akajikaza, akatia saini.

Leo wakili anausoma, ananiuliza, "Mzee, mwandiko huu wa nani?" Nikajibu kwa fahari, "Wangu!" Wangu! Mjinga mimi, si ningenyamaza tu.

"Basi haufai. Sheria inataka marehemu aandike mwenyewe, neno kwa neno. Au mngeniita nyumbani, ningeandika mimi."

Nani alituambia? Nani?

Miaka thelathini na nane ya ndoa, Rangel. Eti kwa kuwa hatukuzaa, theluthi ya nyumba ni ya kaka yake, Zdravko, ambaye hata mazishini hakuja. Leo kakaa pale kwa wakili anachekelea: "Usijali shemeji, mimi nitachukua upande wa jikoni."

Nikamwambia yule mama, "Mnatunga sheria mmekalia viti vya ngozi, mgonjwa mmewahi kumlisha?" Akanisukumia karatasi nisaini kwamba nimeelewa. Nikamjibu, "Mwandiko wangu si umesema haufai?" Nikatoka.

Sasa sikiliza. Mkeo Yordanka bado anaweza kushika kalamu. Mpe leo hii. Na usimsaidie hata herufi moja.