Mume Wangu Amezisugua Shilingi za Mjomba

Mpendwa Mama Kaparau, pole na kazi za redio, naomba unisaidie maana hapa Kokopo sina wa kumwambia bila kuchekwa. Mwaka huu nimeanza kukusanya sarafu za zamani, na chanzo ni marehemu mjomba wangu, kaka yake mama, aliyeniachia kamba ya shilingi za enzi Waaustralia walipotutawala, zile zenye tundu katikati, akasema nizitunze kwa niaba ya ukoo wetu wa upande wa mama, nami nikazipenda mpaka nikaanza kutafuta na nyingine, mume wangu ToUrapal akawa ananitania, "Mke wangu, wenzako wanakusanya pesa za mchele, wewe unakusanya zisizonunua hata kibiriti!" Basi juzi narudi kutoka shambani namkuta uani na beseni, ana ndimu na jivu la mlima wa volkano, lile tunalosugulia masufuria, amefungua kamba na nusu ya shilingi ameshazisugua zinang'aa kama vijiko vipya, weusi wote wa miaka umekwenda na maji, akaniinulia moja, "Ona sasa! Mjomba mwenyewe asingezitambua," nikalia, Mama, na yeye akadhani nalia kwa furaha, akanikumbatia, akasema Jumamosi atamalizia zilizobaki. Nikimwambia ukweli nitamvunja moyo, maana ndiyo mara ya kwanza anashughulika na jambo langu bila kunicheka, na nikinyamaza kamba yote itakwisha. Nifanye nini?
IaTamti

IaTamti mwanangu, pole sana. Nilicheka kidogo, halafu nikasikitika kweli. Ila wewe nawe! Umekabidhiwa kitu cha ukoo, ukakiacha mahali mtu wa ukoo mwingine anakifikia, wala hukumwambia neno kuhusu kukitunza. Angejuaje? Sisi wote hapa tumelelewa tukiambiwa kilicho cheusi kisuguliwe.

Sasa sikiliza, na wote mnaoanza msikilize. Sarafu ya zamani haisuguliwi. Ule weusi ndio ngozi yake, ukiuondoa haurudi, na mkusanyaji anayejua kazi ataipita bila kuigusa. Ishike kwa ukingo, mkono ukiwa mkavu. Ihifadhi kwenye bahasha ya karatasi, maana mifuko laini ya plastiki hutoa jasho na kuacha ukijani. Hizo zilizosuguliwa usihangaike kuzirudishia weusi, utaziharibu mara ya pili. Na acha kwanza kununua nyingine mpaka ujue kutunza ulizo nazo.

Kisha mwende wote wawili kwa wazee wa ukoo wako. ToUrapal abebe pima moja ya fedha yetu ya kome zilizotungwa kwenye uzi, kama inavyompasa mtu aliyegusa kisicho chake, na aseme kwa mdomo wake alichofanya. Watamfokea, halafu watamlisha.

Unasema utamvunja moyo. Mwanangu, mwanamume aliyeinamia beseni kwa ajili yako atavumilia maneno machache. Mwambie, "Asante kwa kunijali, lakini zilizobaki ziache kama mjomba alivyoziacha." Halafu mpe kioo cha kukuzia, akusomee miaka iliyochongwa kwenye shilingi hizo, apate kazi isiyohitaji maji. Mwambie leo, akishashiba. Ukingoja Jumamosi utaniandikia barua nyingine, na hiyo sitaijibu.