Picha za Kaburi la Baba

Bombambili, Songea

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute una nguvu na eda unaikaa kwa utulivu. Mguu unaendeleaje? Mdogo wangu Zuhura akusomee polepole, asikimbie kama kawaida yake. Mimi ni mzima. Mchana nachapa na kutoa fotokopi dukani, jioni najifunza kutengeneza tovuti.

Mama, nakuandikia kuhusu picha za kaburi. Tulipokwenda kumzika Baba wewe ulibaki ndani, nami nikakuahidi kumtengenezea ukurasa mtandaoni, ulione kaburi lake kwenye simu ya Zuhura. Kwangu ukurasa ulifunguka vizuri, nikawatumia anwani. Kwenu ukakataa. Nikamwonyesha Komba, jirani yangu anayejua kazi hii. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Bwana fundi, anwani hii inaishia kwenye kompyuta yako! Ni kama kumwelekeza mgeni kwa simu, 'Kwangu ni hapa nilipokaa.'"

Akanishauri nikodi nafasi kwenye seva, yaani kompyuta za mbali zisizozimwa. Huko wakataka kadi ya benki, kisha nywila, kisha ikaja mistari myekundu nisiyoielewa. Nilipofaulu, jina la Baba likatokea, ila mahali pa picha pakawa patupu. Picha sikuzipandisha kwenye seva, zilibaki kwenye kompyuta yangu.

Nawe ukaniambia, "Usihangaike mwanangu, mtandao wa huku Mbesa ndio mdogo." Nikaitikia, "Ndiyo, Mama." Jibu hilo linaniuma mpaka leo. Mtandao wa Mbesa hauna kosa. Nilitaka tu uone mwanao amekuwa fundi.

Jana nilimchapia mama mmoja picha ya mjukuu wake, akaibusu palepale kaunta. Nikaona aibu. Kutwa nawachapia watu picha zao, na wewe nimekuacha ukisubiri.

Basi picha za kaburi nimezichapa, zimo humu kwenye bahasha. Mkorosho ule wa nyuma ndio Baba alikuwa akifagia chini yake kabla korosho hazijaanza kuanguka, huku akijiimbia kwa Kiyao. Udongo bado mbichi, lakini kaburi wamelitengeneza vizuri. Kile kivuli juu ya kaburi ni changu, nilisimama vibaya. Nisamehe na hilo, Mama.

Msalimie Zuhura, Mjomba aliyetuongozea dua, na Bibi mzaa Baba. Eda ikiisha nitakuja, twende wote kaburini.

Mwanao akupendaye,
Saidi