Kwa Nini Tutakuja kwa Basi

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Natumaini yale mafua yamekuachia na sauti yako imerudi, maana nyumba isiyosikia sauti yako imepoa. Sisi huku tunaendelea, na nikiandika “sisi” bado natabasamu peke yangu kama mwendawazimu. Ndoa ni tamu, dada. Kila asubuhi nikikuta kichwa chake kwenye mto wa pili, nasema moyoni, kumbe ilikuwa kweli.

Umeuliza tutafika lini na lile gari jekundu, ukasema shemeji amekwisha kuwatambia majirani. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi. Basi nianzie kwenye breki.

Unajua mume wangu anavyolipenda gari lile. Ni la michezo, la viti viwili, linanizidi umri, na liko chini kiasi kwamba kuliingia ni kama kujitumbukiza kisimani. Baba yake alimwachia bodi tupu, akalifufua mwenyewe katika gereji yake, hapa nyuma ya chumba chetu. Siku aliyonichumbia aliapa kwamba safari yetu ya kwanza tukiwa mke na mume ataniendesha yeye, tuvuke mlima, hadi mlangoni kwako. Nami nililala na kuamka na safari hiyo.

Harusi ilipopita, akarudi kutoka kulijaribu uso umemshuka. Akasema kanyagio la breki limelegea, kama anakanyaga sifongo, na hawezi kumshusha mke wake mlima kwa breki za kubahatisha. Alinieleza kwamba mara nyingi ni upepo: mapovu yakiingia kwenye mafuta ya breki, nguvu ya mguu huishia kuyabana mapovu badala ya kufika magurudumuni. Kuutoa kunataka watu wawili, mmoja akanyage ndani, mwingine awe chini akifungua na kufunga skrubu ya kila gurudumu. Nikapanda mimi, na gauni langu jipya. Yeye chini akiita kanyaga, shikilia, achia. Alinitania kwamba hajapata kuona bibi harusi mtiifu namna hii, nikamwambia aifaidi bahati hiyo mapema, haitadumu.

Tulipomaliza, mguu wangu uliliona kanyagio gumu, nikamwambia hivyo. Akaingia yeye, akakanyaga, akatikisa kichwa. Sikubisha. Yeye ni fundi, mimi cheti changu ni cha sekondari tu, tena mapenzi yalikuwa yamenijaa hadi masikioni.

Akasema basi ni mipira inayopitisha mafuta, ikizeeka huvimba na kumeza nguvu. Akaibadilisha. Bado laini. Akabadilisha pampu kuu ya breki. Bado. Mwishowe akaamua kuondoa breki zote za kizamani, akafunga diski pana za gari jipya zaidi, mbele na nyuma, na vishikio akavichonga mwenyewe. Magurudumu ya awali yakakataa kuingia juu yake, ikabidi atafute mengine makubwa. Magari ya wateja yalipanga foleni uani, yeye yuko chini ya lile jekundu. Na kila mara mguu wangu ulisema gumu, wake ukasema laini.

Akaanza kuwa mkimya, dada. Akawa anakula akitazama ukuta. Siku moja akasema labda mimi naachia kanyagio kabla hajafunga skrubu, ndiyo maana upepo unarudi. Nilikwenda jikoni nikalia, nikajiambia huenda ni kweli.

Ndipo akamwita Kobe akae mahali pangu. Kobe ni rafiki yake, fundi wa magurudumu wa jirani, na jina hilo amelipata kihalali kwa mwendo wake. Alikanyaga, akatulia, akakanyaga tena. Akasema ikiwa hili ni laini, basi hata ukuta wa gereji hii ni laini, na kama wamemwita kumchezea waseme, ameacha tairi la mtu wazi. Mume wangu alimwambia akalizibe tairi lake. Kobe akaenda zake, na safari hiyo alikwenda haraka.

Mume wangu akaingia garini, akavua viatu, akisema anataka alisikie kanyagio vizuri. Nilichuchumaa kwenye mlango uliokuwa wazi nione kwa macho yangu. Nati ndogo ya chuma ilikuwa imenasa kati ya unyayo wake na kanyagio. Alikuwa akiikanyaga kwa nguvu zake zote, huku akinieleza kwa upole kwamba bado ni laini. Damu ilikuwa ikitiririka kisiginoni, naye anatazama mbele, kwenye kioo.

Dada, breki hazikuwa na ubaya wowote. Ni mguu. Daktari amesema ni sukari, imemkaa siku nyingi bila yeye kujua, imeua hisia za nyayo. Wa kushoto nao umeanza. Dawa zitazuia isiendelee, lakini kilichokwenda huenda kisirudi, na kuendesha gari amemkataza. Kobe sasa anazipima upya breki za magari yote ambayo mume wangu aliyapitisha kwa mguu ule.

Alipotoka kwa daktari aliniuliza kama nilikubali kuolewa ili nije niuguze. Nilimwambia nilikuja kuolewa na yeye, na nyayo zake zimo. Nikamwambia nitajifunza kuendesha, tusafiri vilevile. Akasema popote atakaa kushoto kwangu, ila katika gari lile hawezi.

Basi ameliuza, na jana mnunuzi alilichukua. Alilizungusha mtaani, akarudi akicheka, akasema katika magari ya zamani hajapata kukanyaga breki ngumu na za uhakika kama hizi, akauliza ni nani aliyezifunga. Mume wangu akamjibu kwamba ni yeye na mke wake.

Kwa hiyo tutakuja kwa basi. Mwambie shemeji asimuulize habari za gari mbele ya watu. Pale kwenye ngazi zako usimkimbilie kumshika mkono. Atakuwa anatazama chini ahakikishe anakoweka mguu, mwache, mimi nitakuwa karibu. Mama usimwambie kwanza, nitamwambia mwenyewe tukionana.

Wabusu watoto, na wewe jifunike vizuri jioni.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mke wa fundi